Mayai ya Mkizi kwa Mgeni

Majira yale ya baridi nyumba yetu ilikuwa na watu watatu, na sote tulikuwa tunaogopa kitu kimoja. Mwalimu aliogopa kuliko sisi, akauficha woga wake kwa kufua. Nikiamka alfajiri namkuta ameshafua mapazia na anayaanika barazani. Kesho yake anayafua tena, wala hayajapata hata vumbi.

Mwalimu huyo ni Dakta Yeh Pei-jung. Mimi kazi yangu ilikuwa kumtunza mama yake, tuliyemwita Ama, kama wanavyoitwa bibi wote tunaowatunza hapa Tainan. Ama alikuwa amepooza upande wa kushoto, mkono na mguu, lakini ulimi wake ugonjwa uliuogopa.

Mwalimu alikuwa anafundisha chuo kikuu, na alikuwa katika mwaka wake wa saba. Asiyekaa katika nyumba za namna hii hajui mwaka wa saba ni nini. Mhadhiri akiajiriwa huambiwa apande cheo kabla ya muda fulani kwisha, asipopanda afunge virago. Kupanda kwenyewe ni kwa makala zilizotoka katika majarida ya ng'ambo, kwa Kiingereza, yale yanayotazamwa na wanaopanga orodha ya vyuo bora duniani. Mwalimu alikuwa na makala. Lakini nyingi zilihusu ugonjwa unaoua samaki aina ya mwatiko katika mabwawa ya huku pwani baridi ikizidi. Wenye mabwawa walimpigia simu hata akiwa bafuni. Majarida ya ng'ambo yalimjibu kwamba kazi ni nzuri, ila huyo mwatiko analiwa na nani?

Mwaka ule kitivo chao kilikuwa na Mkuu mpya, Profesa Shao, aliyekuwa amefundisha Marekani kwa muda mrefu. Jioni moja Mwalimu alirudi kutoka mkutanoni akakaa mezani na koti lake mwilini.

"Anasema hapa kwetu vyeo vinagawanywa kama supu ya harusi, kila mtu anamtilia anayemjua," alituambia. "Safari hii maprofesa watatu wa nje watakuja kutupima. Wao ndio watakaopiga kura ya nani abaki na nani aende. Anasema Wakorea wamethubutu, Singapuri wamethubutu, sisi tutaoneana haya mpaka lini?"

"Hapo kasema kweli," Ama alisema. "Yule Lai alipandishwa kwa sababu ya baba mkwe."

"Na tumesaini, Mama. Hakuna kuzungumza na mgeni nje ya chumba cha usaili. Hakuna kula naye. Hakuna kumpa kitu."

"Hata chai?"

"Hata maji."

"Mtu katoka upande wa pili wa dunia, mnamwacha na koo kavu?"

"Ndiyo haki ilivyo, Mama."

"Hiyo si haki, huo ni uchoyo."

Mwalimu hakubishana naye. Alikwenda kufua.

Mimi nilikuwa na woga wangu ndani ya woga wake. Mkataba wangu ulikuwa kwa jina la Mwalimu. Akikosa kazi hatakuwa na uwezo wa kuniweka, nami nitarudi kwa wakala anitafutie nyumba nyingine, au nirudi kwetu Indramayu mikono mitupu. Kwa hiyo Mwalimu alipokuwa akirudiarudia maelezo yake mbele ya kioo, kwa Kiingereza nisichokielewa, mimi nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni nikimwombea.

Wageni walifika juma la baridi kali. Wawili walikuwa wanaume, Profesa Kurihara kutoka Japani na mzee mmoja Mwaustralia. Wa tatu alikuwa mwanamke Mnorwei, Profesa Haugland, mtaalamu wa magonjwa ya samaki. Mwalimu alilitamka jina lake kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja dawa aliyoitafuta siku nyingi.

"Huyu akinisoma ataelewa," alisema. "Hao wengine wawili watahesabu tu."

Ama alikuwa akitafuna kitunguu cha siki. Aliendelea kutafuna, lakini niliona macho yake yametulia mahali pamoja. Nilipaswa kushtuka wakati ule ule.

Kila alasiri nilimsukuma Ama katika kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye ziwa dogo la chuo. Watunzaji wengi tulikutana pale na bibi zetu, kwa sababu nyumba ya wageni ya chuo inakinga upepo. Siku moja kabla ya usaili, Ama aliniambia nitoe mfuko mwekundu kabatini. Ndani mlikuwa na boksi la mayai ya samaki mkizi yaliyokaushwa yakawa bonge gumu, yale ambayo mpwa wake wa pwani humletea kila mwaka kabla ya Mwaka Mpya. Ni kitu cha thamani. Sisi wenyewe nyumbani hatukuyala, yalikuwa ya kupeleka kwa watu. Nilidhani anampelekea bibi mwenzake.

Tulipofika ziwani alikataa kuegeshwa penye jua. Alitaka penye njia. Tulikaa tukipigwa na upepo hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Kisha akatokea mama mmoja mrefu, mwenye mvi zilizokatwa fupi, kitambulisho cha chuo kikining'inia shingoni. Alikuwa akitembea peke yake huku akitazama bata.

"Narti! Nisukume. Haraka!"

"Ama, yule ni mmoja wa..."

"Namjua ni nani. Kwani mimi kipofu?"

"Mwalimu alisema haturuhusiwi."

"Alisema wahadhiri hawaruhusiwi. Mimi mhadhiri? Nasukuma wino mimi? Twende, anatupita huyo!"

Sikusukuma. Basi akaanza kulizungusha gurudumu kwa mkono wake mmoja, na kiti kikaelekea majini. Ikabidi nikikamate, na nilipokikamata tulikuwa tayari mbele ya mgeni.

Hapa zawadi haitolewi kwa mkono mmoja. Ama aliukamata mkono wake wa kushoto kwa ule mzima, akauweka chini ya boksi kama mtu anayepanga mzigo, kisha akalisukuma boksi mbele kwa mikono yote miwili, ule hai na ule uliokufa. Mgeni alipoona hivyo alipiga goti moja kwenye mawe ya njiani akalipokea kwa mikono miwili pia.

"Yeh Pei-jung," Ama alisema, akijipigapiga kifuani. "Mimi mama. Yeh. Pei. Jung."

Mgeni alitabasamu, akashukuru kwa Kichina kibovu, akasema neno jingine nisilolijua. Je, alidhani hilo ni jina la Ama? Au alielewa? Nilimtazama usoni nikitafuta jibu, sikulipata. Alikwenda zake na mfuko mwekundu ukimning'inia mkononi, na kila mtu aliyekuwa ziwani aliuona.

"Usimwambie Ah-Jung," Ama alinionya njiani, akimwita mwanawe kwa jina la nyumbani. "Nitamwambia mwenyewe akishashinda."

Lakini Ama hana kifua cha kuweka kitu. Wakati wa chakula cha jioni Mwalimu alikuwa akizungusha wali tu bakulini.

"Kula," Ama alimwambia. "Kesho yako nimeshaitengeneza."

"Umeitengeneza vipi?"

"Nimemsalimia mgeni wako."

Mwalimu aliweka vijiti vyake mezani, kimoja baada ya kingine. "Mama, umemsalimia vipi?"

"Kwa mikono miwili. Kwa yale mayai ya mkizi. Na alipiga goti, Ah-Jung! Mtu mrefu vile! Kafunzwa adabu huyo."

Mwalimu alinigeukia. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipungua rangi vile. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mwalimu."

"Alitaja jina langu?"

"Alitaja."

"Nitoe zawadi isiyo na mwenyewe?" Ama aliingilia. "Mimi mwizi?"

"Na aliipokea?"

"Aliipokea, Mwalimu."

Alikwenda bafuni. Tulisikia maji yakimwagika kwa muda mrefu. Aliporudi nywele za mbele zilikuwa zimelowa na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, wataniondoa kabla sijafungua mdomo."

"Kwa mayai ya samaki?"

"Kwa mayai ya samaki."

"Mwalimu wako wa darasa la kwanza nilimpelekea bata. Daktari aliyenizalisha nilipokuzaa nilimpelekea kreti ya machungwa. Hakuna aliyeniambia nimemnunua. Na yule alivyo mrefu, mkizi mmoja angemtosha?"

Siku nyingine tungecheka. Ama alitutazama mmoja mmoja, akaona hatucheki, na kwa mara ya kwanza nikaiona hofu yake waziwazi. Akavuta shali yake mpaka kidevuni.

"Nimrudie nimwombe?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Usitoke nje. Tafadhali."

Nilipokuwa naosha vyombo Mwalimu alikuja kusimama karibu yangu. Alizungumza kama anazungumza na bomba la maji. Akimwambia Mkuu, jina lake litaondolewa kesho asubuhi. Akinyamaza, na mgeni akalitaja boksi wakati wa kifunguakinywa, ataondolewa kwa aibu zaidi, itasemekana alihonga na akaficha. Kuomba boksi lirudishwe hawezi, maana amesaini kwamba hatazungumza na mgeni.

Nilihisi macho yake upande wa shavu langu, nikajua.

"Wewe hukusaini," alisema.

Asubuhi tulimwacha Ama na Endang, mtunzaji wa jirani, nasi tukaenda chuoni. Njiani Mwalimu alinifundisha maneno ya Kiingereza: samahani, boksi, makosa. Niliyarudia mpaka yakageuka kelele tu mdomoni. Yeye alibaki kwenye banda la baiskeli, nikaingia nyumba ya wageni peke yangu.

Ukumbi wa chakula ulikuwa na joto na harufu ya mkate. Profesa Haugland alikuwa amekaa dirishani, na mbele yake alikuwa amekaa Mkuu Shao mwenyewe. Boksi lilikuwa wazi kati yao. Mgeni alikuwa ameyakata yale mayai ya mkizi vipande vinene kama jibini, akavipanga juu ya mkate wenye siagi, na alikuwa anatafuna.

Maneno yote ya Kiingereza yalinipotea. Nilisimama pale na mikono yangu.

Mkuu Shao aliinua macho akaniona. Alinijua, kwa sababu nilimsukuma Ama kwenye chakula cha Mwaka Mpya cha kitivo, na Mkuu aliinama kumsalimia. Aliniangalia, akaliangalia boksi, akaniangalia tena, na nikaona akili yake ikikamilisha safari. Alimwambia mgeni jambo fulani kwa kucheka, akafunga boksi, akalirudisha kwenye mfuko mwekundu na kuja nao. Alinishika kiwiko mpaka kwenye korido, huku bado akitabasamu. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

"Wewe ni wa nyumbani kwa Dakta Yeh."

Niliitikia kwa kichwa.

"Na hiki ni cha kwenu."

Nilitazama viatu vyake.

"Sikiliza, binti. Mgeni anasema bibi alitaja jina, lakini yeye hakulishika. Nimemwambia ni salamu za wazee wa mtaa huu, na kwamba nitaziweka ofisini. Ameamini. Chukua, nenda nazo. Mwambie Mwalimu wako mimi sikuona kitu."

Nilipumua. Nilidhani tumepona.

"Na umwambie," aliongeza, akiinyoosha kola ya koti lake, "ile makala yake ya chanjo ya mwatiko, inayotoka mwaka huu. Ni nzuri. Tutakaa tuizungumze, mimi na yeye."

Mwalimu alikuwa amejibanza nyuma ya baiskeli. Alipouona mfuko mkononi mwangu alifumba macho na kuegemea ukuta. Nilimwambia yote. Nilipofika kwenye makala, macho yalifumbuka.

"Rudia. Alisemaje?"

"Mtakaa muizungumze."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno, Mwalimu."

Upepo ulikuwa ukizungusha majani makavu miguuni petu.

"Lai alikaa naye akaizungumza yake," alisema. "Sasa hivi kila anachoandika Lai kina majina mawili, na la kwanza ni la Mkuu." Alivuta pumzi. "Kesho atataka na ya pili. Keshokutwa atataka niwaambie wenye mabwawa wampigie yeye. Na mimi nitakuwa nikimwona kwenye ngazi nashuka kwa ngazi nyingine, mpaka nistaafu."

"Lakini utakuwa na kazi, Mwalimu," nilisema. Nilisema hivyo kwa ajili yangu, na nadhani alijua.

"Nitakuwa nayo." Alinitazama kwa huruma. "Twende, Narti."

"Nyumbani?"

"Ndani."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye uliyeona."

Sijui nilivyozipanda zile ngazi. Chumba kilikuwa na meza ndefu na watu waliokaa upande mmoja tu. Wageni walikuwa katikati. Mkuu Shao, ambaye hakuwa na kura, alikuwa pembeni, na katibu wake, Bi Tseng, alikaa karibu yake ili atafsiri inapobidi. Mwalimu aliingia, akauweka mfuko mwekundu mezani, akainama, akaanza kuzungumza kwa Kiingereza. Nilisikia "mama". Nilisikia jina langu. Kalamu ya Mkuu iliacha kuandika.

Profesa Haugland aliutazama mfuko, kisha akanitazama mimi, akasema jambo.

"Anauliza," Bi Tseng alinitafsiria, "je, Dakta Yeh ndiye aliyemtuma mama yake?"

"Hapana."

"Alijua?"

"Alijua jana, tulipokuwa tunakula. Ama mwenyewe ndiye aliyemwambia."

"Halafu akafanya nini?"

Nilimtazama Mwalimu anisaidie. Alikuwa ametazama mbele, mikono imekunjwa mapajani. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Aliniacha.

"Asubuhi alinituma nije nilichukue."

Mzee Mwaustralia alishusha pumzi. Nilijua nimemvunja Mwalimu mguu. Lakini Profesa Haugland hakuwa amemaliza. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka funguo.

"Anauliza, umelipata wapi boksi? Yeye alimwachia Mkuu, akaambiwa linapelekwa ofisini."

Mkuu Shao hakunitazama. Alikuwa akiitazama kalamu yake, na niliona uzi mdogo wa jasho ukishuka mbele ya sikio lake, siku ile ya baridi. Mpaka asubuhi ile nilimwogopa kuliko mtu yeyote. Sasa yeye alikuwa ananiogopa mimi, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mkuu ndiye aliyenipa," nilisema.

"Akasemaje?"

"Akasema yeye hakuona kitu."

Niliishia hapo. Lile la makala lilikuwa la Mwalimu, si langu, na yeye hakulitaja.

Wageni walizungumza wao kwa wao. Kisha Profesa Haugland akamuuliza Mwalimu swali, na Mwalimu akajibu kwa maneno machache. Bi Tseng alikuwa amesahau kwamba hakuna haja ya kunitafsiria, akaendelea kunong'ona.

"Anamuuliza, kwa nini hukuja kuniambia mwenyewe? Dakta anasema haturuhusiwi kuzungumza na wewe. Anauliza, nani kasema? Mkuu anasema ndivyo vyuo vikubwa vinavyofanya. Profesa anasema... anasema chuoni kwake mtu wanayempima wanakunywa naye kahawa."

Mkuu Shao aliinuka. Kwa mara ya kwanza mle chumbani alizungumza kwa lugha ya nyumbani, kama vile mgeni ataielewa tu.

"Nyinyi mnaweza kunywa kahawa! Nyinyi mkinywa, ni kahawa. Sisi tukinywa, kesho wote watasema tumeuziana vyeo. Nitawaambia nini wanaopanga orodha? Nitawaambia nini wazazi wanaopeleka watoto wao ng'ambo?"

Bi Tseng alitafsiri yote, neno kwa neno, kama mtu aliyebeba mchuzi wa moto kwenye ngazi. Profesa Kurihara aliinamisha kichwa, wala hakukiinua kwa muda.

Profesa Haugland alivua miwani yake. Alisema kahawa ni kahawa, lakini hiki alishakula, na sasa amejua ni cha nani na thamani yake. Kwa kanuni za kwao hawezi tena kumpigia kura Dakta Yeh. Akakusanya vitu vyake akatoka.

Nami nikatolewa. Usaili uliendelea kwa wale wawili.

Koridoni kulikuwa na benchi moja. Profesa Haugland alikaa upande mmoja, mimi nikakaa upande mwingine kabisa. Tulisikia sauti ya Mwalimu kupitia mlangoni, imetulia, ikieleza. Ilikuwa sauti ile ile aliyoizoeza mbele ya kioo. Mgeni aliisikiliza, mara nyingine akitikisa kichwa kama anakubali. Bi Tseng alipotoka kuchukua maji, mgeni alimwambia jambo huku akinitazama.

"Anataka ujue kwamba alisoma kazi yote ya Dakta Yeh," Bi Tseng alisema. "Hata ile ya Kichina aliitafutia mtafsiri. Anasema alikuwa ameshaamua."

"Ameshaamua nini?"

Bi Tseng alinitazama kama mtoto. "Unadhani nini?"

Nilimgeukia mgeni. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Nilitaka kumwambia kitu, hata lile neno la samahani, lakini lilikuwa limekwisha kupotea.

Mchana Mkuu Shao alitoka mwenyewe. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi. Alimwinamia Mwalimu chini kuliko Mkuu anavyomwinamia mhadhiri.

"Mmoja ndiyo, mmoja hapana," alisema. "Kanuni inataka ndiyo mbili."

"Najua, Mkuu."

"Ungeniachia."

"Najua, Mkuu."

"Nawe umeniachia jambo la kueleza huko juu," alisema, bila hasira. Hakuwa akimwona tena. Alikuwa akitazama mlango wa mwisho wa korido, ulioandikwa ofisi ya Makamu wa Mkuu wa Chuo, na alikwenda huko polepole.

Njiani kurudi nyumbani Mwalimu aliendesha pikipiki kama kawaida, mimi nyuma. Kwenye taa nyekundu aligeuza kichwa.

"Tupo mpaka Julai," alisema juu ya kelele za injini. "Baada ya hapo sijui, Narti. Sitakudanganya. Ila Mama asijue. Tutamwambia makala hazikutosha, basi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Ama alikuwa ameketi akiutazama mlango. Endang alisema hakutaka kula.

"Eeh?" Ama aliuliza.

"Makala hazikutosha, Mama."

"Na yule mrefu? Aliyapenda?"

"Aliyapenda sana. Aliyala na mkate."

"Na mkate!" Ama alishtuka kikweli. "Bila kuyachoma? Bila figili?"

"Bila kitu, Mama. Na siagi."

Hapo simu ya Mwalimu ililia. Alikuwa mwenye bwawa mmoja, sauti yake ikisikika mpaka kwangu, maji yamepoa mno na samaki wameanza kulala ubavu. Mwalimu aliuliza maswali mawili matatu, akavaa buti zake za mpira pale pale, akatoka. Tulimsikia akishuka ngazi.

Ama alinyoosha mkono wake mzima akanishika nguo.

"Narti. Tuko wawili tu. Ni mimi niliyemwangusha?"

Kule chumbani, mbele ya maprofesa, sauti yangu ilitoka. Sasa nililazimika kuivuta.

"Hapana, Ama. Makala hazikutosha."

Alinitazama kwa muda. Jicho la upande uliopooza halifumbiki vizuri, kwa hiyo mtu hawezi kujificha mbele yake.

"Asubuhi mlitoka wote wawili. Mlikwenda wapi?"

"Dukani."

"Dukani," alisema. "Mlinunua nini?"

Nilijitoa mkononi mwake taratibu, nikaenda jikoni, nikabandika uji wa mchele na mwatiko.

"Narti! Nakuuliza, mlinunua nini?"

Niliwasha feni ya jikoni, ile yenye kelele, nikasimama chini yake mpaka uji ukaanza kuchemka.